Shajara ya mradi: mwongozo wa kwenda kusoma nje, uliopangwa kwa kalenda

Januari, mwanzoni

Mradi ni mwongozo mfupi wa mwanafunzi anayekwenda kusoma nje ya nchi, kwa Kiswahili, wa kusomeka kwenye simu. Miongozo ya aina hii ipo tele, na mingine ni mizuri. Tatizo ni kwamba karibu yote imepangwa kwa mada: viza sura yake, nyumba sura yake, fedha yake, bima mwishoni kabisa. Mwanafunzi hasumbuki kwa sababu hajui kwamba bima inahitajika. Anasumbuka kwa sababu hajui kwamba bila bima chuo hakimsajili, na bila usajili wa chuo hapati kibali cha ukaazi. Karatasi zinangojana. Kwa hiyo sisi watatu tunaouandika tumekubaliana kwamba wetu utafuata kalenda: unaanzia siku masomo yanapofunguliwa na kurudi nyuma, halafu unasonga mbele hadi mwisho wa muhula wa kwanza.

Kazi tumegawana. Mmoja ana fedha, mwingine makazi na bima, mimi nyaraka na viza. Tumejiwekea sharti kwamba tarakimu yoyote ya ada au kiwango cha serikali itasomwa kwenye tovuti ya serikali yenyewe wiki hiyohiyo inapoandikwa, na kando yake tutaweka mwezi na mwaka. Viwango hivi hubadilika bila kupiga hodi.

Januari, mwishoni

Sura ya pasipoti imegeuka kuwa sura ya majina. Nilipopanga nyaraka za kawaida kwenye jedwali niliona jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa watu watatu: cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha sekondari kina matatu, na pasipoti imetanguliza jina la ukoo huku ikipunguza herufi moja katikati. Chuo kitatoa barua ya udahili kwa jina lililojazwa kwenye fomu ya maombi. Ubalozi unataka jina la pasipoti, na shirika la ndege vilevile. Tofauti ndogo hiyo itajitokeza siku ya kuwasilisha maombi ya viza, wakati hakuna tena nafasi ya kuirekebisha.

Tulichoandika: jina la pasipoti ndilo liongoze kila fomu, kuanzia ile ya kwanza kabisa ya chuo. Vyeti vikitofautiana nalo, hati ya kiapo ya wakili ipatikane kabla ya kutuma maombi. Kuna pia wale ambao pasipoti yao ina jina moja tu. Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, inataka jina hilo liwekwe kwenye nafasi ya ukoo, na nafasi ya jina la kwanza ijazwe herufi FNU, yaani "jina la kwanza halijulikani" kwa kifupi cha Kiingereza. Mtu asishtuke akiona viza yake imeandikwa hivyo. Ni utaratibu wao.

Kuhusu muda wa pasipoti nimeandika aya moja tu: ikiwa itaisha katikati ya masomo, ibadilishe sasa. Canada, kwa mfano, kwa kawaida haitoi kibali cha kusoma kinachovuka tarehe ya mwisho ya pasipoti, hivyo kozi ya miaka minne inaweza kupewa kibali cha mwaka mmoja na nusu kwa sababu ya kijitabu tu.

Februari

Sura ya fedha imetuchukua muda kuliko tulivyopanga, na inastahili. Mwenzetu aliileta kama orodha ya viwango. Tumekaa naye tukaipanga upya kwa swali moja: fedha zinatakiwa zionekane wapi, lini, na kwa muda gani?

Uingereza inataka ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki pamoja na gharama za kuishi, hadi za miezi 9, ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja katikati, hesabu inaanza upya. Tena siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Fedha zikiwa za mzazi, ziandamane na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha uhusiano na barua ya mzazi ya kuridhia. Ujerumani ina njia nyingine: akaunti iliyofungwa, wanaiita Sperrkonto, ambako mwanafunzi anaweka fedha za mwaka mzima na kuachiwa kidogokidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango kimekuwa euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Marekani swali la fedha linaulizwa mara mbili, kwanza na chuo kabla ya kutoa fomu I-20, hati ya chuo ambayo mwanafunzi huombea viza, kisha ubalozini. Katikati yake kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350 kwa mwanafunzi wa viza ya F-1 (ya masomo), ambayo inalipwa kabla ya mahojiano na risiti yake inabebwa.

Tumebishana kidogo kama tuzungumzie fedha za kuazimwa, zile zinazoingia akaunti Jumatatu na kutoka mara tu viza ikitoka. Tumeamua kuzungumzia waziwazi. Ofisa hasomi salio tu, anasoma pia zilikotoka, na donge kubwa lililoingia ghafla bila maelezo linaita maswali. Na ikithibitika kwamba nyaraka ni za kughushi, Uingereza inaweza kumfungia mwombaji miaka 10. Kijana wa miaka 19 anafungiwa hadi 29 kwa karatasi aliyochapishiwa na mtu mwingine.

Jambo la mwisho la fedha ambalo wengi hawalipangii: ada ya afya ya Uingereza. Ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na hailipwi mwaka kwa mwaka. Anayekwenda kusoma miaka mitatu anailipa yote kwa mkupuo siku anapotuma maombi ya viza, juu ya ada ya viza yenyewe.

Machi

Kalenda yenyewe. Hii ndiyo sehemu niliyoingoja.

Nilichukua mwanafunzi wa kubuni anayeanza Uingereza mwishoni mwa Septemba, nikarudi nyuma. Akiwa nje ya Uingereza, anaruhusiwa kutuma maombi ya viza miezi 6 kabla ya kozi kuanza, si mapema zaidi. Kabla ya hapo anahitaji CAS, namba ya uthibitisho inayotolewa na chuo. CAS nayo haitoki mpaka atimize masharti ya udahili na mara nyingi alipe amana ya ada. Anayetoka nchi iliyo kwenye orodha ya kipimo cha kifua kikuu anahitaji cheti chake, ambacho uhai wake ni miezi 6. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS hudumu miaka 2. Weka juu ya hayo zile siku 28 za benki.

Ukivichora vyote kwenye mstari mmoja unaona kwamba kuchelewa ni nusu tu ya hatari. Kuwahi nako kunaumiza. Aliyepima kifua Januari kwa bidii zake anaweza kujikuta anapima tena Julai. Miongozo mingi inasema "anza mapema" kisha inaishia hapo. Sisi kila karatasi tumeipa tarehe mbili: ya mapema kabisa na ya mwisho kabisa. Kwenye simu inaonekana kama vipande vya rangi vinavyopandana, na mwanafunzi anaona mahali vinapokutana.

Marekani kipengele kinachochanganya ni kwamba viza inaweza kutolewa hadi siku 365 kabla ya masomo, ila kuingia nchini hakuruhusiwi zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20. Tiketi ya bei nafuu ya siku 40 kabla haina maana yoyote. Canada nayo ina jambo lake: kilichobandikwa kwenye pasipoti si kibali cha kusoma. Mwombaji hupewa barua ya utambulisho, na kibali chenyewe kinachapishwa na ofisa wa mpakani siku ya kuwasili. Hapa tumeandika maelekezo ya hatua kwa hatua, kwa sababu mtu amechoka, foleni ni ndefu, na anataka kuondoka. Barua iwe mkononi, si kwenye begi lililoshushwa chini ya ndege. Ofisa akikupa karatasi, usisogee. Soma jina, soma tarehe ya kuisha, soma mstari unaosema kama unaruhusiwa kufanya kazi. Kosa likionekana hapo dirishani linasahihishwa palepale. Likionekana bwenini, ni maombi mapya ya marekebisho na kungoja.

Aprili

Mahojiano ya viza: ukurasa mmoja, nimekataa kuurefusha. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kifungu 214(b), inamchukulia mwombaji kuwa anataka kuhamia moja kwa moja mpaka yeye mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Mazungumzo dirishani huwa mafupi mno, kwa hiyo anayekariri hotuba hapati hata nafasi ya kuimaliza. Anayejua kueleza kwa sentensi mbili kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, nani analipa, na anarudi kufanya nini, amejiandaa vya kutosha.

Mawakala. Tumeandika bila kumtaja yeyote. Wakala wengi wa vyuo hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayejiandikisha, na si dhambi, lakini mwanafunzi ajue ushauri anaopewa unaelekea upande gani. Anayeahidi viza kwa uhakika anauza kitu asichokuwa nacho. Na maombi yajazwe kwa barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe, nywila ibaki kwake. Hili la barua pepe linaonekana dogo mpaka siku wakala anapozima simu na barua ya udahili iko kwenye sanduku lake.

Mei

Wiki mbili za kwanza. Sura hii nimeiandika pamoja na mwenzangu wa makazi, na ndiyo nene kuliko zote.

Fundo lenyewe ni hili: benki inataka anwani. Mwenye nyumba, ili akupe anwani, anataka akaunti ya benki au mdhamini anayeishi nchini. Kampuni ya simu kwa mkataba wa mwezi inataka vyote viwili. Na benki ya nyumbani, ambayo bado ndiyo yenye fedha zako, inatuma namba ya siri ya kuthibitisha malipo kwenye laini uliyoitoa kwenye simu ukiwa ndani ya ndege. Hilo la mwisho halimo karibu katika mwongozo wowote, na ndilo linalomwacha mtu na fedha asizoweza kuzigusa. Laini ya zamani iendelee kuwa hai, iwashiwe huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi kabla ya safari, na ijaribiwe. Kama simu inabeba laini mbili, tatizo limekwisha.

Fundo linafunguliwa kwa kuchagua vizuri mahali pa kulala mwezi wa kwanza, na hapa nchi zinatofautiana. Ujerumani sheria inakutaka ujiandikishe kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Ofisi hiyo haikuandikishi bila fomu iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Chumba cha bei rahisi kutoka kwa mtu asiyetaka kutia saini ni ghali: bila fomu hakuna cheti cha kujiandikisha, na bila cheti hicho benki nyingi hazifungui akaunti, wakati zile euro 992 za mwezi zinangoja akaunti ya kuingia. Swali la kwanza kwa mwenye chumba liwe saini, kodi lifuate.

Ufaransa shida kubwa ni mdhamini. Kuna dhamana ya serikali iitwayo Visale, haina malipo, na wanafunzi wa kigeni wenye umri wa hadi miaka 30 wanaweza kuiomba. Viza ya muda mrefu ya mwanafunzi huko inapaswa kuthibitishwa mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu kuwasili. Anayesahau anakuwa na stika nzuri kwenye pasipoti na hana haki ya kuendelea kukaa. Japani kadi ya ukaazi hutolewa kwenye viwanja vikubwa vya ndege siku ileile, kisha ndani ya siku 14 tangu kupata makazi inapelekwa ofisi ya manispaa kuandikwa anwani. Uingereza imeacha kutoa kadi za plastiki. Hadhi ya mwanafunzi iko mtandaoni, na mwenye nyumba huko England anaithibitisha kwa namba ya muda ambayo mwanafunzi anaizalisha mwenyewe kwenye akaunti yake ya uhamiaji. Akaunti hiyo iunganishwe na pasipoti iliyopo sasa. Ukibadilisha pasipoti, ukaihuishe.

Utapeli wa vyumba tumeupa nusu ukurasa. Dalili hazibadiliki: picha nzuri mno, bei chini ya soko, mwenye nyumba yuko safarini, funguo zitatumwa kwa posta amana ikishalipwa. Anayekataa kukuonyesha chumba kwa simu ya video, mlango hadi dirisha, hana chumba. Bweni la chuo kwa muhula wa kwanza, hata likiwa ghali kidogo, lina anwani, mkataba na ofisi ya kulalamikia.

Juni

Tumewapa rasimu wanafunzi kadhaa wanaojiandaa kuondoka na wengine walioko vyuoni tayari. Maoni yao yamekuwa makali kwa namna nzuri. Mmoja aliniandikia: "Dada, nikishuka saa sita za usiku na ofisi ya funguo imefungwa, ninalala wapi?" Tumeongeza kipande cha usiku wa kwanza: saa za ofisi ya mabweni ziulizwe kabla ya kukata tiketi, na anwani ya chuo iandikwe kwenye karatasi, maana chaji huisha.

Walioko vyuoni walitaka tupunguze orodha ya mizigo. Tumeifyeka. Imebaki: vyeti halisi, barua ya udahili na ushahidi wa fedha kwenye begi la mkononi, dawa kwenye vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la dawa kitaalamu, betri ya akiba ya kuchajia simu (power bank) nayo mkononi, kwa kuwa betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo inayoshushwa chini. Anayebeba fedha taslimu za thamani inayozidi dola 10,000 kuingia Marekani, au euro 10,000 au zaidi kuingia Umoja wa Ulaya, lazima azitangaze forodhani. Kuzibeba si kosa, kuzificha ndiko kosa. Pasi na kikausha nywele viachwe: umeme wa Marekani ni volti 120 na wa Japani 100, vitu hivyo vya volti 230 havitapata joto la kutosha.

Julai

Saa za kazi. Viwango vilivyopo: Uingereza saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa wanaosoma shahada, Canada 24 nje ya chuo tangu Novemba 2024, Australia 48 kwa kila wiki mbili, Japani 28 kwa wiki baada ya kuomba ruhusa, Ujerumani siku 140 kamili au 280 nusu kwa mwaka, Ufaransa saa 964 kwa mwaka. Marekani saa 20 ndani ya chuo tu wakati wa masomo, na kazi ya nje hairuhusiwi mwaka wa kwanza.

Jedwali hilo mtu angelipata popote. Tulichokitilia mkazo ni mitego inayolizunguka. Uingereza mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, na kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu kwa kawaida huhesabiwa kujiajiri. Rafiki aliyekuazima akaunti yake hakusaidii, amekuingiza kwenye kosa la pili. Marekani mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapaswa kubeba walau krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kwa muhula. Anayeachana na somo gumu na kushuka chini ya hapo bila idhini ya ofisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni, anapoteza hadhi yake hata kama viza kwenye pasipoti ina miaka mitatu mbele. Viza ni ya kuingilia mlangoni. Kinachokuweka ndani ni hadhi, na hiyo hutunzwa na usajili wa chuo.

Mwenzetu wa fedha ameongeza sentensi ambayo sitaki ifutwe: mshahara wa saa 20 hununua chakula na kulipa sehemu ya kodi, haulipi ada. Mpango unaotegemea mshahara huo kulipia mwaka wa pili haujakamilika.

Agosti

Sehemu ya darasani ni fupi. Silabasi isomwe wiki ya kwanza, hasa sera ya kunakili kazi za wengine, kwa sababu adhabu zake ni nzito na kutojua hakusamehewi. Saa ambazo mhadhiri yuko ofisini kwa ajili ya wanafunzi ni haki yako, si bughudha kwake. Upweke tumeugusa kwa aya mbili na kuelekeza kwenye ushauri nasaha wa chuo, ambao vyuo vingi hutoa bila malipo ya ziada. Pia tumeonya kuhusu simu za watu wanaojidai maofisa wa uhamiaji wakidai faini ilipwe kwa kadi za zawadi. Hakuna idara ya uhamiaji inayopokea kadi za zawadi.

Hali ya mradi: sura zote zimepita mkononi mwa sisi watatu, isipokuwa ya Australia, ambayo ina vipengele viwili vya kuhakikiwa upya, kiwango cha akiba (dola za Australia 29,710 tangu Mei 2024) na maswali ya sharti la mwanafunzi wa kweli lililoanza Machi 2024. Kila ukurasa wenye tarakimu umepewa mtu wa kuukagua kila robo mwaka. Atakayeshindwa kuukagua ataondoa tarakimu na kubakiza anwani ya tovuti ya serikali mpaka mwingine aushike. Toleo la kwanza linakwenda kwa wanaoanza Januari, kwa kuwa wa Septemba wameshapanga mizigo.